Kizuizi Si Chumvi: Wacheni Kumwaga tu Kilichoko Kwenye Friji

Wasee, leo naongea na watu wa maabara, pamoja na nyinyi wote mnaosambaza posti za "utafiti umethibitisha". Nasema waziwazi: watu wengi hawachagui kizuizi cha enzaimu. Wanachukua kilichoko. Mtu anafungua friji, anaona chupa, lebo inafanana na jina alilosoma kwa kazi ya mtu mwingine, anamwaga, anapima, kisha anaandika kwamba enzaimu fulani ndiyo inasababisha jambo fulani. Hiyo si sayansi, hayo ni mapishi. Na hata kwa mapishi, mathangu hawezi akaweka magadi mahali pa chumvi ati kwa sababu zote ni nyeupe.

Kwa wale ambao Bayolojia iliwatoka kichwani siku ya mwisho ya KCSE, siwaachi nyuma. Enzaimu, au kimeng'enya kama mwalimu wa Kiswahili anavyopenda kuiita, ni protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya kitu chenye uhai. Ile amilesi ya mate, uliyotemea kwenye tyubu ikala wanga hadi iodini ikakataa kugeuka bluu-nyeusi, hiyo ni enzaimu. Kizuizi ni kemikali inayoishika enzaimu na kuipunguza kasi, au kuizima kabisa.

Na usidhani haya ni mambo ya makoti meupe pekee. Aspirini inazima enzaimu inayoitwa COX, na ile molekuli ikishazimwa haiwaki tena. SP, ambayo akina mama wajawazito hupewa kliniki kule Pwani na Kanda ya Ziwa, ni vizuizi viwili kwenye tembe moja, vinavyolenga enzaimu ambazo kijidudu cha malaria hutumia kutengeneza folati. Dolutegravir ya wanaoishi na HIV inazuia enzaimu ya kirusi inayoitwa integresi. Dawa za wadudu za aina ya oganofosfeti zinazima enzaimu inayosafisha ujumbe kati ya neva, na ndiyo maana zinaweza kumuua mkulima pia, si mdudu peke yake. Kwa hivyo tukiongea vizuizi, hatuongei vitu vya mchezo.

Sasa, ndani ya maabara kizuizi ni swali. Unazima enzaimu, unaangalia kama kazi fulani itasimama. Ikisimama, unasema: enzaimu hii ilihusika. Poa. Lakini hoja hiyo yote inasimama kwa mguu mmoja, kwamba ulizima enzaimu hiyo na hukuzima zingine. Stima zikipotea mtaa mzima na redio ya jirani ikanyamaza, huwezi kusema umethibitisha kuwa swichi yake ndiyo iliyozimwa. Kila kitu kilizimwa! Kizuizi kibaya ni kupoteza stima mtaa mzima, halafu kuandikia swichi moja ripoti.

Tuanze na mfano rahisi kabisa, protiesi, yaani enzaimu zinazokata protini. Kuna familia nne kubwa ambazo kila mtu wa maabara hukutana nazo, na zinatofautishwa na kile kinachofanya kazi ya kukata: serini, sisteini, aspatiki, na zile zinazotumia madini. Kila familia ina vizuizi vyake. PMSF inashika zile za serini, kama tripsini ya utumbo. E-64 ni ya sisteini. Pepstatini ni ya aspatiki, kama pepsini ya tumboni mwako. EDTA inanyang'anya zile za madini hayo madini yenyewe.

Unajua papai bichi linavyolainisha nyama ngumu? Ni papaini, protiesi ya sisteini. Sasa mwambie mtu wa "weka tu EDTA" aizime papaini. Atasubiri sana. Kuna watu huweka EDTA makusudi kwenye myeyusho wa papaini ili ifanye kazi vizuri zaidi, kwa sababu EDTA inaondoa metali nzito zinazoisumbua. Yaani unachodhani ni breki, kwa gari hilo ni mafuta. Hapo ndipo ujinga wa "kizuizi ni kizuizi" unakufikisha.

Nilisoma baiokemia hadi mwaka wa tatu, kwa chuo ambacho sitakitaja, kabla karo inishinde. Mwongozo wetu wa maabara ulikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zingine zimeshapotea. Mahali pa kutoa protini kwenye seli palikuwa na sentensi moja: ongeza PMSF. Kwa nini PMSF? Kimya. Lini? Kimya. Classmate wetu mmoja aliuliza, akaambiwa afuate mwongozo. Na myeyusho wenyewe ulitengenezwa asubuhi na maji, ukakaa mezani hadi kikundi cha mwisho kiingie jioni.

Sasa sikiza. PMSF ikiwa ndani ya maji inaoza. Kwa pH 7 na nyuzi 25, nusu yake inapotea kwa dakika kama 110. Kwa pH 8, dakika 35 tu. Ndiyo maana huyeyushwa kwa isopropanoli isiyo na maji, ikatiwa dakika ya mwisho kabla ya kupasua seli. Hesabu mwenyewe: myeyusho wa asubuhi, pH 8, kufika jioni umebaki na nini? Kikundi cha mwisho kilikuwa kinaongeza kumbukumbu ya PMSF. Na hatari za kushika kemikali hiyo zilikuwa zilezile, maana unga wake ni sumu. Sisi tuliambiwa tu tuvae glavu, kama ziko.

Hii ndiyo kitu inaniudhi. Swali la "kwa nini hiki na si kile" ndilo somo lenyewe! Ukilitoa, unabaki na vijana wanaojua kushika pipeti lakini hawajui wanauliza nini. Unamlipisha mzazi karo ya sayansi, unamfundisha mtoto wake kumwaga.

Na niwe fair, kwa sababu najua mtu atakuja komenti akiwaka. Kuna wakati kumwaga mchanganyiko mpana ni sawa kabisa. Kama unataka tu protini yako isiliwe wakati unapasua seli, tumia mchanganyiko wa vizuizi vya familia zote, hakuna shida. Hapo kizuizi ni mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti hahitaji kumjua kila mgeni kwa jina. Lakini hata hapo lazima ufikirie. Kama baadaye utaisafisha protini yako kwa safu ya nikeli, EDTA itaing'oa nikeli kwenye safu, na kazi ya wiki nzima inaenda kwenye sinki. Ndiyo maana kuna michanganyiko inayouzwa bila EDTA. Mtu alifikiria. Wewe je?

Shida kubwa inaanza pale kizuizi kinapogeuka kuwa ushahidi. Kule Dundee, Scotland, timu ya Philip Cohen ilifanya kitu rahisi na cha kikatili mwaka wa 2000. Walichukua kemikali 28 zilizokuwa zinauzwa kama vizuizi mahususi vya kainesi, enzaimu zinazobandika fosfeti kwenye protini na kuendesha karibu kila uamuzi wa seli. Wakazijaribu dhidi ya rundo la kainesi, si ile moja ya kwenye lebo. Nyingi zilipatikana zinatembea nje ya ndoa. LY294002, iliyosifiwa kwa kuzima PI3K, ilikuwa inaigusa CK2 kwa nguvu karibu sawa. Rotlerini, inayotoka kwenye mti, ilikuwa inauzwa kama kizuizi cha kainesi moja, PKC-delta. Ikaonekana haiizuii hata hiyo, na badala yake inazima zingine ambazo hakuna aliyeziuliza. Baadaye ikajulikana pia kwamba inavuruga mitokondria, jenereta za seli. Unafikiri watu waliacha kuitumia? Waliendelea miaka na miaka, kwa sababu fulani aliitumia, na aliyemfuata akaitumia kwa sababu fulani aliitumia.

Kwa hivyo usiniambie hii ni tabia ya Afrika, ati sisi ndio wavivu. Mwaka wa 2023 ulichapishwa uchunguzi uliopitia makala 662 yaliyotumia vizuizi na kemikali zingine nane zinazoheshimika kabisa kwenye seli. Ni asilimia 4 tu zilizotumia dozi iliyopendekezwa, zikaweka kemikali pacha isiyofanya kazi kwa kulinganisha, na zikathibitisha kwa kemikali ya pili tofauti. Asilimia nne! Maabara zenye friji zimejaa, umeme haupotei, na pesa iko. Ugonjwa si umaskini. Ugonjwa ni kuiga bila kuuliza.

Halafu kuna dozi. Watu wanapenda namba inayoitwa IC50, kiwango cha kizuizi kinachopunguza kasi ya enzaimu hadi nusu. Wanaitaja kana kwamba ni namba ya kitambulisho, haibadiliki. Inabadilika! Kama kizuizi kinapigania kiti kimoja na chakula cha enzaimu, basi kadiri chakula kinavyokuwa kingi ndivyo unavyohitaji kizuizi zaidi. Hesabu hii inajulikana tangu Cheng na Prusoff, 1973. Chakula kikiwa sawa na Km ya enzaimu, IC50 ni mara 2 ya nguvu halisi ya kizuizi. Chakula kikiwa mara 10 ya Km, IC50 inaruka hadi mara 11. Kizuizi ni kilekile, enzaimu ni ileile, namba tofauti kabisa.

Sasa weka hiyo kwa kainesi. Kwenye tyubu unaweza kuweka ATP ya maikromola 10. Ndani ya seli iliyo hai ATP ni milimola kadhaa, mamia ya mara zaidi. Kizuizi kilichokuwa simba kwenye tyubu kinaingia kwenye seli kikawa paka. Mtu akiona hakifanyi kazi, anaongeza dozi. Anaongeza tena. Akifika maikromola 50, kitu kinatokea hatimaye, anashangilia. Buda, kwa dozi hiyo umezima nusu ya mtaa. Wataalamu wa kemikali hizi wana kipimo cha wazi: kizuizi kizuri kiwe na nguvu chini ya nanomola 100 kwenye tyubu, kiipende enzaimu yake angalau mara 30 kuliko ndugu zake, na kifanye kazi ndani ya seli kwa maikromola 1 au chini. Kikishindwa hapo, tafuta kingine au badilisha swali.

Nikuje sasa kwa wale wa "mti huu unatibu sukari". Hapa ndipo sayansi ya kumwaga inatoka maabara na kuingia jikoni kwa shosho yako.

Mchezo unaendaga hivi. Unachukua magome au majani, unachemsha, unaweka majimaji hayo kwenye tyubu yenye amilesi au glukosidesi, enzaimu za kumeng'enya wanga. Enzaimu inapungua kasi. Unaandika: mti huu unazuia enzaimu za sukari. Wiki ijayo iko TikTok, wiki inayofuata inauzwa kwa chupa ya soda pale steji.

Lakini umewahi kunywa chai ya rangi kali sana, ulimi ukakauka? Huo ukavu ni polifenoli za chai zikishikana na protini za mate yako. Mimea mingi ina tanini za aina hiyo, na tanini hushika protini nyingi bila ubaguzi. Ukizimwaga kwenye tyubu ya enzaimu, enzaimu inaweza kuzimika, si kwa sababu umepata dawa, bali kwa sababu umeisonga. Kuna na mtego mwingine: kemikali nyingi zikiwa kwenye maji hujikusanya vijidonge vidogo sana, na enzaimu inanata juu yake na kulala. Brian Shoichet na wenzake walilieleza hili vizuri mwaka wa 2002, na kipimo cha kukamata mtego huo ni rahisi ajabu. Ongeza sabuni laini ya maabara, Triton X-100, asilimia 0.01. Kama uzuiaji unapotea, hukuwa na kizuizi, ulikuwa na vijidonge. Tone la sabuni, wasee. Ndilo linalotenganisha ugunduzi na aibu.

Na ile sentensi yao tamu, "mmea wetu una nguvu kuliko akabosi", dawa halisi ya sukari? Angalia glukosidesi yao ilitoka wapi. Mara nyingi ni ya hamira, kwa sababu ni bei rahisi. Akabosi ni dhaifu sana kwa glukosidesi ya hamira, lakini ni kali kwa ile ya utumbo wa mamalia. Kwa hivyo umeshindana na bondia uliyemfunga mikono, halafu unatembea na mshipi wa ubingwa. Mgonjwa wa sukari hana utumbo wa hamira. Akiacha dawa zake kwa sababu ya tyubu yako, macho yanayofifia ni yake, figo ni zake, mguu unaokatwa ni wake.

Sijasema miti yetu ni bure. Artemisinini ya malaria ilitoka kwenye mmea. Nasema mti unaostahili heshima unastahili pia jaribio la heshima.

Na kama unafikiri nakuza mambo, msikilize iniparib. Hii ilikuwa dawa ya saratani, iliyoingizwa kwa wagonjwa kwa jina la kizuizi cha PARP, enzaimu inayosaidia kurekebisha DNA. Matumaini yalikuwa makubwa. Ikafika jaribio la mwisho, wanawake 519 wenye saratani ya matiti ya aina ngumu zaidi kutibu. Januari 2011 ikatangazwa kwamba jaribio limeshindwa kufikia lengo. Mwaka uliofuata wanasayansi wakachapisha kile kilichofaa kujulikana mapema: iniparib haikuwa kizuizi cha maana cha PARP hata kidogo. Ilikuwa inajibandika ovyo kwenye protini nyingi. Wanawake hao waliweka miili yao kwenye lebo ambayo haikukaguliwa ipasavyo. Na vizuizi halisi vya PARP vilipakwa tope hilohilo, ingawa vilikuja kufanya kazi. Olaparib iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2014 kwa saratani ya ovari. Hiyo ndiyo bei ya kutouliza "una uhakika hiki kinazima kile unachosema?"

Najua jibu litakuja: hatuna pesa, vizuizi vizuri ni ghali, vinaagizwa nje vinakaa forodhani hadi vinaharibika. Ni kweli, na hiyo ni aibu ya wanaogawa bajeti. Lakini haikuondolei kazi ya kufikiri. Kuchora mkunjo wa dozi nane badala ya kutumia dozi moja kunahitaji tyubu zaidi, si milioni. Kontroli ya kiyeyushi, ile DMSO tupu bila kizuizi, ni karibu bure. Tone la Triton ni karibu bure. Kusoma kama kizuizi chako kinaoza kwenye maji ni bure kabisa. Na kama kweli una chupa moja tu isiyofaa, jambo la uaminifu ni kuandika kwamba hujui, si kuandika kwamba umethibitisha. Maskini akinunua mara moja, hununua kitu sahihi, kwa sababu hana pesa ya kununua mara ya pili. Sisi ndio tunafaa kuwa makini zaidi.

Wengine watasema, wewe uliacha chuo, nani amekutuma? Sawa. Hizo dakika 35 za PMSF zinabadilika kwa sababu sina digrii? Hamira inageuka utumbo? Pinga namba, usipinge cheti.

Kwa hivyo nawapa maswali. Uko chuo, weka picha ya haya kwa simu, uyaulize kabla hujafungua hiyo friji:

1. Nataka kulinda protini, au nataka kuthibitisha kazi ya enzaimu moja?
2. Kizuizi hiki kinaishika vipi enzaimu, na kinaondoka au kinabaki milele?
3. Nini kingine kinakigusa kwa dozi hii?
4. Kinadumu muda gani kwenye maji, pH na joto langu?
5. Enzaimu yangu imetoka kwa nani: hamira, panya, au binadamu?
6. Kontroli yangu iko wapi, na kizuizi cha pili cha aina tofauti kinasema hivyohivyo?

Msimamizi akikwambia ufuate mwongozo, muulize kwa heshima mwongozo ulifuata nini. Na wewe usiye wa maabara, ukiona posti ya "utafiti umethibitisha mti huu unazima enzaimu", komenti maswali mawili tu: dozi gani, na enzaimu ya nani? Mwenye majibu atayaweka na tutampigia makofi. Asiye nayo, arudi maabara kabla hajamfikia shosho.